Fundi Mwaringa na Kadzama ya Sidi

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Mwaringa Menza, kabla hata ya kuona ukubwa wa viganja vyake au kovu lililokatiza nyusi yake ya kushoto, ni kwamba hanywi kitu bila kukinusa. Chai huinusa. Soda iliyofunguliwa mbele ya macho yake huinusa. Hata maji ya mtungini aliyochotewa na mkewe mwenyewe huyapitisha puani kwanza, polepole, kama mtu anayechunguza maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Wageni hudhani anaogopa sumu, na kwa kuwa Ganda, kijijini kwake, ni mahali ambapo hadithi za sumu hazihitaji ushahidi, wengine humheshimu kwa hilo. Mtu anayeogopa kuuawa kiasi hicho, husema, lazima awe na mali mahali fulani.

Mali hana. Alicho nacho ni ufundi wa kuezeka makuti. Ukipita kwenye hoteli za ufukweni kule Malindi ukaona paa lililoinuka kwa madaha, lisilovuja hata masika yakicharuka, huenda ni kazi ya mikono yake. Na sababu ya kunusa ni hii: wiki ile ile aliyorudi kutoka matibabuni, mafundi wenzake walimtilia mnazi, ile pombe ya kugemwa, kwenye uji. Hawakuwa na chuki naye. Walitaka tu kujua kama dawa za mjini zinafanya kazi. Mwaringa alipiga funda moja, ulimi ukamtambua rafiki wa zamani, akautema uji wote juu ya rundo la makuti. Mmoja wa wenzake akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Ala! Kumbe hawakumtibu vizuri. Mtu aliyepona angemeza tu."

Maneno hayo hayakuishia pale kwenye makuti. Yalizunguka kijiji kizima, na mwishowe yakamrudia Mwaringa yakiwa yamevaa kanzu ya mila.

Lakini tuanze alikoanzia. Mwaringa hakuzaliwa mlevi. Alipojiunga na kazi ya kuezeka, mnazi ulikuwa sehemu ya kazi kama zilivyo ngazi na kamba. Jua likifika utosini, dumu huletwa, mafundi hushuka, hunywa, hupanda tena. Akanywa na kupanda, akanywa na kupanda, hata akafika mahali hawezi kupanda bila kunywa, kisha akafika mahali hawezi kupanda kwa sababu amekunywa. Asubuhi mikono ilimtetemeka hata kufunga kifungo cha shati kukamshinda. Akizimua kidogo mikono ilitulia, naye akaamini kwamba asubuhi ndiyo ugonjwa na mnazi ndio dawa. Siku alipoanguka kutoka kwenye paa la hoteli moja na kupasuka nyusi, wenzake walimwinua akiwa ametapakaa damu, na swali lake la kwanza likawa kama dumu halikumwagika.

Watu walimhurumia, kila mmoja kwa njia yake. Mhubiri alisema ni pepo. Mganga mmoja wa Jilore alisema ni husuda ya fundi mwenzake. Akamchanja chale, akachukua jogoo kwa kazi hiyo, kisha akaomba aletewe na mnazi wa kuteremshia jogoo. Chifu alimlaza ndani ili apate adabu, naye akatoka na kiu. Na kaka yake mkubwa, Karisa, alimpa nasaha.

Karisa Menza alikuwa mtu wa kutoa nasaha. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya kupambana na ulevi, kamati ambayo mikutano yake yote ilifanyika mangweni, pale pale unapouzwa mnazi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mvuvi hatupi wavu shambani. Huko mangweni alimkemea mdogo wake kila jioni, kwa uchungu na kwa sauti, kibuyu kikiwa salama katikati ya magoti yake.

"Tofauti yangu na yako ni moja," alikuwa akimwambia. "Mimi nakunywa mnazi. Wewe, mnazi ndio unaokunywa."

Wanakamati walipiga makofi, wakaongeza kinywaji.

Mwisho Kadii, mkewe Mwaringa, alichoka. Akamfungia ndani ya nyumba, akaficha ufunguo kifuani, akaketi mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba dawa ya mlevi ni kunyimwa. Mwaringa alitetemeka, akatoka jasho la kulowesha mkeka, akaanza kuwafukuza siafu ambao mkewe hakuwaona. Kisha akaanguka, macho yakapinduka, mwili ukakakamaa na kutikisika. Majirani walisema majini yamekasirika. Kadii hakungoja kusikia yamekasirishwa na nini. Alisimamisha bodaboda, wakampakia mumewe katikati kama gunia la nazi, wakamkimbiza hospitali mjini.

Huko ndiko walikokutana na Damaris, mshauri wa watu walionaswa na ulevi na dawa za kulevya. Alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mwenye Kiswahili kikavu na macho ya upole. Kadii alitarajia kusifiwa kwa ushujaa wake wa ufunguo.

"Mama, ulifanya kwa mapenzi," Damaris alimwambia, "lakini ungempoteza. Mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukinyimwa ghafla huweza hata kufa. Kuacha ataacha, ila aache akiwa mikononi mwa daktari, na dawa za kumtuliza."

Baadaye, mikono ilipotulia na siafu kuondoka, Damaris aliketi na Mwaringa mwenyewe. Hakumuuliza kama anaona haya. Hilo peke yake lilimshangaza Mwaringa, kwani kila aliyewahi kumsaidia alianzia hapo.

"Si pepo, mzee, wala si ukorofi," alisema. "Ubongo ni kama mtu anayepita njia moja ya shambani kila siku. Ile njia imekuwa pana, nyingine zote zimeota msitu. Sisi hapa tutafyeka nyingine. Lakini ile pana haifi. Inaota nyasi tu."

"Na nikipita tena, mara moja tu?"

"Nyasi zinalala."

Mwaringa aliyaelewa maneno hayo kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Akawa anakwenda kila Alhamisi kwenye kikundi, akaketi kwenye duara la viti vya plastiki pamoja na dereva wa lori, mwalimu aliyefukuzwa kazi, na kijana wa Shella aliyekuwa akitumia unga wa kulevya na sasa anakunywa dawa yake kila asubuhi mbele ya muuguzi. Hapakuwa na miujiza. Palikuwa na chai, maswali, na watu waliosema ukweli bila kupigiwa makofi. Polepole Mwaringa akarudi juu ya mapaa.

Habari hizo ziliposafiri kutoka Malindi hadi Ganda, zilipungua njiani. Kilichofika kilikuwa kifupi: Mwaringa amepona.

Basi ndipo Sidi akaposwa.

Sidi ni binti yao wa pekee, muuzaji katika duka la dawa za mifugo mjini, msichana wa maneno machache na hesabu kali. Mposaji alikuwa Cliff, fundi umeme, kijana mtulivu ambaye baba yake, Gerishom, alikuja pwani zamani kutoka magharibi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi na hakurudi tena. Gerishom alikuwa shemasi kanisani kwake. Mkewe, Easter, aliimba kwaya. Nyumbani kwao hata dawa ya kikohozi ilisomwa chupa kabla ya kununuliwa, kuhakikisha haina kileo.

Mambo yote yalikwenda vizuri hadi Karisa, kama mkubwa wa ukoo, alipowatumia salamu kwamba siku ya posa waje na kadzama. Gerishom akampigia simu Mwaringa kwa wasiwasi.

"Mzee mwenzangu, shikamoo ya kwanza ni yako. Hii kadzama ni mnyama gani?"

"Ni mtungi wa mnazi, bwana. Mnauleta nyie, wa upande wa mume. Binti anaulizwa mbele ya watu: tuunywe au tusiunywe? Akisema tuunywe, amekubali kuolewa. Baba yake anaonja wa kwanza, kisha wazee."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

"Mnazi," alisema Gerishom. "Huu wa kulewesha."

"Haupo mwingine."

"Na mimi nitaupata wapi? Nikionekana mangweni, Jumapili sitakaribishwa madhabahuni." Akashusha sauti. "Lakini ngoja. Baba wa binti anaonja wa kwanza? Si baba ni wewe?"

Mwaringa alikuwa amelitambua hilo tangu mwanzo wa mazungumzo. Aliaga, akaketi juu ya rundo la fito, akayatazama mapaja yake.

Jumapili iliyofuata wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwa Karisa. Mwaringa alisimama na kusema wazi kwamba atampokea mkwe, atatoa neno, atafanya yote, lakini mnazi hataonja. Wazee walimtazama kama mtu aliyekataa kuvaa suruali.

"Si umetibiwa?" aliuliza Karisa.

"Nimetibiwa."

"Umepona, hujapona?"

"Niko mzima, kaka. Lakini—"

"Basi onja. Mtu akipona malaria, hakatazwi kulala gizani ati kuna mbu."

"Huu si kama malaria. Ni kama kisukari. Mtu anaishi nao vizuri mradi ajichunge."

Mzee Kahonzi, ambaye ana kisukari na ambaye wakati huo alikuwa akila mahamri yake ya tatu, aliona ametajwa. "Usinitumie mimi kwa mfano," alisema. "Mimi nasali, nakula."

"Tunazungumzia funda moja, Mwaringa," Karisa aliendelea, sauti imejaa huruma. "Moja! Miaka yote ulikuwa ukitunywea mnazi wetu hadi masimbi yaliyotuama chini, tukikulilia uache, hukusikia. Leo tunakuomba kidogo, kwa heshima, kwa mwanao, unatukatalia. Kwani wewe ukiambiwa usinywe unakunywa, ukiambiwa kunywa hunywi? Huo ni ugonjwa au ni ubishi?"

Wazee waliona hoja hiyo haina mpenyo. Mmoja akauliza kama pale hospitali walimpa tiba au kifungo. Mwingine akapendekeza arudishwe wakamalizie kazi.

"Hakuna njia nyingine kabisa?" aliuliza Mwaringa.

Karisa akafikiri. "Iko. Baba akiwa amefariki, ndugu yake humwonjea. Naweza kukuonjea mimi." Alisema kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu anayejitolea kubeba jeneza. "Ila siku hiyo hutakiwi kuonekana. Wageni hawawezi kuona mnazi wa marehemu unanywewa naye marehemu amekaa pale anacheka. Utakwenda Jilore kwa wajomba, urudi jioni."

"Kwa hiyo mume wangu ni maiti?" Kadii, aliyekuwa akimimina chai, aliuliza kutoka mlangoni. "Basi nami shemeji nivae za ujane? Nipokee wakwe nikilia?"

"Ni kwa mchana mmoja tu, shemeji. Usikuze mambo."

Mwaringa aliondoka bila kuaga vizuri. Sasa alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuonja, au kufa kwa mchana mmoja siku ambayo binti yake atasimama mbele ya watu na kuulizwa swali la maisha yake. Kilichomuuma zaidi kilikuja jioni, pale Sidi alipomfuata uani.

"Baba," alisema, huku akichora mchangani kwa kidole cha mguu. "Ni kidogo tu. Uguse midomo. Sitaki watu waseme nimeolewa bila baba."

Alimwambia wataona.

Siku chache baadaye, Mwaringa alikuwa nyuma ya nyumba akisuka makuti peke yake. Kadii alikuwa shambani. Karisa akatokea, kibuyu kimening'inia begani, uso umejaa nia njema.

"Mdogo wangu, nimefikiri," alisema, akiketi. "Tatizo ni mshtuko. Mwili wako umekaa muda bila kuguswa, ukiuletea ghafla mbele ya wageni utashtuka. Kwa hiyo tufanye mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuonja. Kama chanjo ya watoto. Si wanatiwa ugonjwa kidogo ili wauzoee? Leo kidogo, kesho kidogo, siku ya posa wewe ni askari."

Akafungua kibuyu. Mnazi ulikuwa mpya, wa asubuhi, na harufu yake ikatembea hewani hadi ikamkuta Mwaringa mahali alipo. Ingekuwa uongo kusema kwamba alichukizwa nayo. Mate yalimjaa kinywani. Mabega yakamlegea, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina la utotoni. Akili yake, ile ile iliyoelewa habari za njia na nyasi, ilianza kumletea sababu moja baada ya nyingine, zote nzuri: Sidi ameomba mwenyewe, ni mila, ni funda moja, kaka yupo, mchana ni mweupe.

"Tazama," alisema Karisa. "Usimeze kwa pupa. Hivi." Akaonyesha. Koo lilipanda, likashuka. "Umeona? Midomo inagusa, unapitisha kidogo, unashusha."

"Hapo ulipitisha kidogo?"

"Hukutazama vizuri. Ngoja." Akaonyesha tena, muda mrefu zaidi, macho yamefumbwa ili mwanafunzi aone utulivu unaotakiwa. "Sasa kuna ile namna ya wazee wa zamani, wa kichwa nyuma. Hiyo ni nzuri mbele ya wakwe. Hivi."

Alifundisha kwa bidii ya mwalimu wa mtihani wa mwisho. Alionyesha namna ya kuonja umekaa, namna ya kuonja umesimama, na namna ya kuonja mbele ya mkwe wa kike. Na wakati huo mkono wa Mwaringa uliachana na kuti, ukainuka. Hakuuamuru. Aliuona ukienda, vidole vimefunguka, hadi ukashika shingo ya kibuyu.

"Ndiyo!" Karisa alifurahi. "Haya, zamu yako."

Mwaringa akakiinua. Kilikuwa chepesi. Akakiinamisha, likatoka tone moja, likaanguka kwenye goti lake.

Kibuyu kilikuwa kitupu.

"Lo," alisema Karisa, macho mekundu, ulimi mzito. "Mazoezi ni kazi ngumu. Kesho nitaleta kikubwa." Akajilaza palepale juu ya makuti, akakoroma.

Mwaringa alibaki ameketi na kibuyu mikononi. Kikundi kizima cha Alhamisi, dawa za daktari, mapenzi ya Kadii, vyote hivyo havikumzuia; kilichomwokoa ni uroho wa kaka yake. Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka, akajikuta anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha akatoa simu, akampigia Damaris.

"Nimenyosha mkono," alisema, bila hata salamu.

"Umekunywa?"

"Kilikuwa kitupu. Lakini ningekunywa. Nimejiona."

"Basi leo umejua kitu, mzee, na umekisema mchana huu huu badala ya kukificha. Ondoka hapo ulipo sasa. Nenda mahali pasipo na harufu hiyo. Halafu nani mwingine anastahili kukijua?"

Alikwenda dukani kwa Sidi. Alimkuta akimpimia mteja dawa ya kupe, akangoja mteja aondoke. Akamweleza yote, mkono, kibuyu, tone, bila kujipamba.

"Uliniomba niguse midomo," alimalizia. "Mwanangu, mimi sina mguso. Nikigusa, kesho yake utanifuata mangweni, na keshokutwa mama yako atanifungia tena ndani. Ukitaka nionje, sema sasa, ujue unachoomba. Ukitaka niende Jilore, nitakwenda."

Sidi alikuwa akiupanga mstari wa chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Nilidhani umepona," alisema mwishowe.

"Kila mtu anadhani hivyo."

"Na kupona kwenyewe ndiko huku? Kukataa?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anayefanya hesabu. Jioni hiyo alikwenda kwa baba yake mkubwa. Karisa alikuwa ameamka, kichwa kinamuuma, ameketi na Mzee Kahonzi na wenzao wawili.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanetu. Bibi harusi!"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile nitaulizwa kama kadzama inywewe. Sivyo?"

"Ndivyo hasa. Utaulizwa mbele ya watu."

"Nikisema msinywe?"

Wazee wakacheka. "Utasemaje hivyo, na kijana unamtaka?"

"Namtaka. Lakini nikisema msinywe, mtakunywa?"

Kicheko kikapungua. "Hatuwezi," alisema Mzee Kahonzi. "Binti akikataa, mtungi unarudi ulikotoka."

"Mzima mzima?"

"Mzima mzima."

"Basi sikilizeni. Baba yangu akiambiwa aonje, nitasema msinywe. Akiambiwa amekufa aende Jilore, nitasema msinywe. Mtungi utarudi kwa shemasi, naye ataumwaga kwenye mtaro kwa furaha, maana hata kuubeba anaona dhambi. Mimi na Cliff tutangoja hadi mtakapopata mila nyingine."

Akaaga kwa heshima zote, akatoka.

Wazee wale walikuwa wamevumilia ukame, mafuriko ya mto na bei za mahindi, lakini picha ya mtungi mzima unaomwagwa mtaroni ilikuwa nje ya uwezo wao. Mzee Kahonzi alikohoa.

"Karisa, hebu kumbuka vizuri. Posa ya dada yetu ile ya zamani... mzee alionja kweli?"

"Hata mimi nilikuwa najiuliza," alisema Karisa.

"Nadhani alitia neno tu."

"Alitia neno! Sasa nakumbuka. Alisema 'nimepokea', kisha mama wa binti akawamwagia koma, wazee wetu waliolala, kidogo chini. Ndivyo ilivyo. Hii habari ya kuonja imeletwa na vijana."

Kabla jua halijazama, mila ilikuwa imekwisha kupatikana, na wazee wanne waliikumbuka kwa undani ambao hawakuwahi kuwa nao kwa jambo lolote. Karisa mwenyewe alikwenda kumpa Mwaringa habari, akimkaripia kwa kuwasumbua watu kwa jambo dogo.

"Utatia neno, Kadii atamwaga. Hutagusa mtungi. Na mtu mmoja asimwage sana," aliongeza, "koma si walevi."

Na leo ndiyo Jumamosi yenyewe ya posa. Uwanja umefagiwa, viti vimeazimwa kanisani na msikitini, na Ganda haijawahi kuona wazee wanaofika kwenye shughuli mapema namna hii. Mzee Kahonzi yupo tangu chai ya asubuhi. Ndani, shangazi wanambishania Sidi namna ya kumfunga leso. Damaris amekuja kutoka mjini, ameketi kando ya Mwaringa. Aliyeuliza ni nani ameambiwa ni mtu wa kwetu, na jibu likatosha. Mwaringa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, anarudia neno lake chini ya pumzi.

"Nimepokea. Mimi, Mwaringa, baba yake Sidi, nimepokea."

"Umesema vizuri," anasema Damaris.

"Sauti haitetemeki?"

"Inatetemeka kidogo. Ni ya baba wa bibi harusi."

Simu inalia. Ni Gerishom, sauti yake ya juu kiasi kwamba hakuna haja ya kuiweka sikioni.

"Mzee mwenzangu, tumepata ajali! Kifuniko kimeruka!"

Cliff ndiye aliyekwenda mangweni kuununua, ila hakuna aliyemwambia shemasi kwamba mnazi ni kitu kinachopumua na hakifungwi kwa nguvu. Aliukaza mfuniko wa dumu kwa kamba na maombi, na walipopita tu mjini ukalipuka garini. Gauni la kwaya la Easter limelowa kuanzia kola hadi pindo, na askari wa barabarani ameinamisha kichwa dirishani, akavuta hewa, akamwomba shemasi ashuke.

Wazee wote wamesimama. "Umebaki?" anapaza sauti Karisa. "Muulize kama umebaki!"

"Zaidi ya nusu," inajibu simu kwa unyonge. "Askari ametuelewa. Amesema ana binti pia. Tunakuja."

"Waje! Lakini wasitikise! Mwambie dereva asitikise!"

Mwaringa anakata simu. Anacheka hadi Damaris naye anacheka, na Kadii anatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha wote wanageukia barabara ya vumbi inayotoka Malindi. Vumbi linainuka kwenye kona. Wazee wanajipanga, Karisa anafunga kifungo cha juu. Inapita pikipiki ya muuza mikate. Wanaketi tena.

Dirisha la chumba linafunguka kidogo, na jicho moja lililopakwa wanja linachungulia.

"Baba, wamefika?"

"Bado, mwanangu."

Mwaringa anasimama, anakisogeza kiti chake mbele kidogo, mahali ambapo kona ile inaonekana vizuri, anaketi tena na kuendelea kungoja.